Mguu Wangu na Ngazi ya Mama Naserian

Kama unasoma haya ukiwa umenyoosha mguu juu ya stuli, na bandeji uliyofungwa asubuhi imeshalowa, mimi nakufahamu ingawa hatujawahi kuonana. Nilikaa hivyo zaidi ya miaka mitatu. Sina dawa ya kukupa, na habari za mifupa waulize madaktari, maana kila waliponieleza nilitingisha kichwa na nisishike chochote. Ninachoweza kukuambia ni jinsi siku zinavyopita, nani hukaa nawe na nani huchoka, na jambo moja kuhusu nyumba za kupanga ambalo ningependa mtu angeniambia mapema.

Jina langu ni Rispa. Kwetu ni Vihiga. Nilikuja Kitengela nikiwa mke wa mtu, baada ya mume wangu Wycliffe kupata kazi ya stoo katika kiwanda kimoja cha Athi River. Kodi ya Nairobi ilikuwa imetushinda, kama ilivyowashinda wengi waliotufuata huku. Mimi nilipata ukarani katika shule ya msingi, na tulikuwa na mtoto mmoja, Sheila, ambaye hakuwa ameanza kusoma. Siku hizo ukisimama mlangoni uliweza kuona pundamilia wakila ng'ambo ya barabara, na tuliona tumepata mahali pazuri pa kuanzia maisha.

Ploti tuliyopanga ilikuwa ya Mama Naserian, mjane wa Kimaasai, umri wake kama wa mama yangu. Sehemu ya shamba la marehemu mumewe ilikuwa imeuzwa, na kwa pesa hizo kijana wake mkubwa, Moses, alimjengea nyumba ya mawe ya ghorofa moja, yenye ngazi ya saruji kwa nje, upande wa nyuma. Yeye mwenyewe hakulala hapo hata siku moja. Alikaa na mifugo yake huko ndani mbugani, na kila asubuhi alikuja kwa miguu na mtungi wa maziwa, akatupimia sisi wapangaji wake. Alitusalimia takwenya, nasi tukajibu iko, na hiyo ndiyo Kimaasai niliyoijua. Kiswahili chake kilikuwa kidogo, lakini kilimtosha.

Sisi tulikaa juu. Anayeijua Kitengela anaujua udongo wake mweusi. Ukipata maji unavimba na kuinua nyumba, ukikauka unapasuka mpaka mtoto anaweza kuingiza mkono. Mvua ya El Nino ilipokuja na kukataa kuondoka, ngazi ilianza kuachana na ukuta. Mwanzoni ulikuwa ufa kama uzi. Baadaye niliingiza kidole. Ilifika mahali ukishuka unaona kuku wakipita chini yako.

Nilimwambia Mama Naserian mara mbili. Mara ya kwanza nilimwonyesha ufa, akautazama, akasema Moses atakuja na fundi. Mara ya pili alikuwa ananipimia maziwa pale chini, na mvua ilikuwa imewazuia wengine ndani. Nilimwambia, "Mama Naserian, hii ngazi yako itaua mtu." Akanifunikia sufuria yangu, akasema, "Nimesikia." Hapakuwa na mtu mwingine pale. Wala sikumwambia mume wangu, kwa sababu alikuwa anarudi kutoka kazini akiwa hoi, na niliona jambo likishamfikia mwenye nyumba, mpangaji amemaliza yake.

Nilianguka Jumamosi moja asubuhi, nikiwa na beseni la nguo za kuanika. Sheila alikuwa amesimama mlangoni juu akilia kwamba anataka kunifuata, na mimi nikamwambia angoje. Nashukuru Mungu kwa neno hilo mpaka leo. Ngazi ilikatika karibu na juu, nikaenda nayo, na kipande cha saruji kikakaa juu ya mguu wangu wa kulia. Nakumbuka nilikuwa naona aibu kwa sababu nguo zangu za ndani zilikuwa zimetawanyika kwenye matope mbele ya wanaume.

Sitaeleza sana habari za hospitali kubwa ya Nairobi nilikopelekwa. Wewe uliyelala huko unajua. Tulikuwa wawili kitanda kimoja, kichwa changu kwenye miguu ya mwenzangu, yeye akiwa amevunjika nyonga na akiomba radhi kila alipojigeuza. Waliniwekea chuma ndani ya mguu. Nilirudi Kitengela na magongo mvua ikiwa imekwisha na majani yakiwa mengi hata katikati ya ploti.

Mama Naserian alikuwa ametuhamishia vitu vyetu chini. Alitoa chumba alichokuwa akiwekea chumvi ya ng'ombe na kamba, akakiosha, akaweka kitanda chetu karibu na dirisha ili nione watu wakipita. Kila asubuhi alileta maziwa, na hakukubali kulipwa. Alisema pole. Alisema pole mara nyingi sana, akinishika mkono. Lakini habari ya ngazi hakuigusa. Moses alileta nguzo za mbao, akazisimamisha chini ya ile iliyobaki, akapaka saruji palipokatika, na watu wa juu wakaendelea kupanda na kushuka na watoto wao. Mimi nilikuwa nasikia kila hatua kutoka kitandani.

Baridi ya mwezi wa saba ilipofika, jeraha lililokuwa limefunga lilifunguka tena. Usaha ulianza kidogo kidogo. Daktari akasema umeingia kwenye mfupa, na hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipoanza, kwa maana kuvunjika si ugonjwa. Kuvunjika kuna mwisho.

Harufu ndiyo kitu ambacho hakuna aliyenionya. Unaoga, unabadilisha bandeji, unajipaka mafuta, na bado unaona mgeni akisogeza kiti karibu na mlango. Mguu ulikuwa mwembamba kama wa mtoto wangu, na ule mzima ukawa mnene na mgumu kwa kubeba kazi ya miwili. Nywele zilikatika mbele. Mume wangu alihamia kwenye kochi, akisema anaogopa kunigonga akilala. Nilimshukuru na kisha nikalia, kwa sababu nilijua ni kweli na pia si kweli.

Kliniki ya mifupa ilikuwa Jumanne. Ukifika alfajiri unakuta benchi limejaa, na watu wanajuana kwa magonjwa, si kwa majina. Mimi nilikuwa Mama Ngazi. Kulikuwa na mzee mmoja mwendesha trekta aliyekuwa akininunulia chai bila kuuliza, na kulikuwa na muuguzi mmoja mfupi, mkali kwa kila mtu, ambaye kabla ya kuniondolea bandeji iliyoshikana na nyama alikuwa anaenda kuchemsha maji ya chumvi na kuyapoza mpaka yawe vuguvugu. Wengine walivuta tu. Ukiwa mgonjwa wa muda mrefu unahesabu watu kwa vitu kama hivyo, na huwasahau.

Nyumbani mambo yalikuwa magumu kidogo. Mama mkwe alikuja kutoka Vihiga kunisaidia, na alinisaidia kweli, alipika na kufua na kumlea Sheila. Lakini mdomo wake ulinichosha kuliko magongo. Aliuliza nilikuwa nakimbilia wapi. Aliuliza mwanamke mwenye akili anabebaje beseni mbele yake akishuka. Kina mama wa kanisa walikuja wakaombea roho ya kuanguka initoke. Majirani walisema ukianguka kwa nyumba ya mtu ni bahati yako mbaya, utamfanya nini mwenye nyumba, kwani yeye ndiye alikusukuma? Nilikuwa nasikiliza, na polepole na mimi nikaanza kujiuliza kama nilishuka vibaya.

Baada ya upasuaji wa pili shule ilichukua karani mwingine. Sikuwalaumu. Hapo ndipo mume wangu alipokwenda Kajiado kutafuta wakili, kwa ushauri wa rafiki yake wa kazini. Siku ya kunipeleka mimi tukakuta ofisi ya wakili iko ghorofani. Nilitazama zile ngazi, nikacheka kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikakaa kwenye hoteli ya chini nikaagiza chai. Wakili akashuka mwenyewe na karatasi zake.

Alikuwa kijana mpole. Alinieleza jambo ambalo nakuandikia hapa ulishike. Alisema chumba chako, ukishapewa ufunguo, ni juu yako. Lakini mahali panapotumiwa na wote, ngazi, njia, choo cha pamoja, taa ya nje, hapana ufunguo wa mpangaji yeyote. Hapo ni pa mwenye nyumba, na ni juu yake pawe salama. Hata kama mvua ni ya Mungu, ngazi ni ya mtu. Kisha akaniuliza kama Mama Naserian alijua ngazi ni mbovu kabla sijaanguka.

Nikamwambia nilimwambia mara mbili.

"Nani alisikia?"

Nikasema hakuna. Wakili akaweka kalamu chini. Alisema kwa upole kwamba basi ni neno langu na lake, kwamba wenye nyumba huwa hawakumbuki mambo kama hayo wakifika kortini, na kwamba bila hilo kesi itakuwa nyembamba. Kwa hiyo wewe unayepanga, ukiona ufa, usimwambie mwenye nyumba mkiwa wawili. Mwite jirani asimame hapo.

Mume wangu alikuwa akinitazama wakati wote huo. Tulipofika nyumbani akaniuliza, "Mama Sheila, uko sure ulimwambia?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena wiki iliyofuata. Kuanzia hapo kila tulipopishana kidogo, kuhusu dawa au Sheila au chumvi ya mboga, swali hilo lilirudi. Aliuliza kwa nini basi sikumwambia yeye. Aliuliza kama pengine nilitaka kumwambia nikasahau. Nikarudia lile lile. Kuumwa nilikuwa nimezoea, lakini kutoaminiwa na mtu ninayekula naye sikuzoea, na ukweli ni kwamba nilitaka Mama Naserian aseme lile neno kwa ajili ya mume wangu kuliko kwa ajili ya korti.

Ukame ulifika. Nyinyi mliokuwepo mnaukumbuka, umeme wa kugawana na ng'ombe wa Wamaasai wakitafuta majani hadi kando ya barabara za Nairobi. Mama Naserian alianza kuja bila maziwa, akinisalimia tu na kuondoka. Ng'ombe wake walikuwa wanalala chini na kutoinuka. Wakati huo huo barua ya wakili wetu ilimfikia, Moses akamsomea.

Nilitarajia atufukuze. Badala yake siku chache baadaye alikuja akivuta kondoo kwa kamba. Alikuwa kondoo mnene, mkia wake umejaa mafuta, na mpaka leo sijui alimficha wapi ukame ule hata akabaki hivyo. Alimfunga kwenye chuma cha dirisha langu.

"Hii ni yako," akaniambia. "Si ya watoto. Si ya bwana. Wachinje, wewe ukunywe mafuta. Mguu itarudi."

Nikasema ashe oleng, ndilo neno la shukrani nililokuwa nimefundishwa. Alisimama kidogo kama mtu anayengoja kitu kingine, kisha akaenda.

Mume wangu aliporudi alimzunguka yule kondoo akimtazama. Alisema huyu mama ni mjanja, barua imemwingia, sasa anataka kutunyamazisha na nyama. Alisema tukimchinja tukamla, kesho atamwambia wakili wake kwamba tulishamalizana. Nilimwambia mimi naona ni huruma tu. Akasema huruma ilikuwa wapi miaka hii yote? Nilikuwa na homa siku hiyo, na nguvu za kubishana sikuwa nazo. Mguu ulihitaji bandeji, na nauli ya Jumanne haikuwepo. Asubuhi alimkokota kondoo kwenda soko la mifugo.

Sisi Waluhya tungeuza hata jogoo tuliyepewa na mkwe, mradi shida iwepo, na hakuna atakayetujua. Kwa Wamaasai mnyama ana alama. Sikio la yule kondoo lilikuwa limekatwa kwa namna ya ukoo wa marehemu mume wa Mama Naserian, na sokoni pale hakukuwa na mtu asiyeisoma alama ile kama mimi ninavyosoma bango. Walimwona mgeni kutoka magharibi, amevaa koti la kiwanda, anauza kondoo wa mjane wakati wa ukame. Wakamzunguka. Mmoja akamuuliza amemwiba usiku au mchana. Wangempiga kama mzee mmoja asingesema Moses aitwe kwanza.

Moses alikuja. Alimtazama kondoo, akamtazama mume wangu, akawaambia watu kwa Kimaasai kwamba hakuibwa, mama yake alimtoa kwa mgonjwa. Mume wangu alinisimulia kwamba ni hapo ndipo alipoogopa zaidi, kwa sababu kelele zilikatika na watu wakaanza kumtazama kwa namna nyingine, kisha wakaondoka mmoja mmoja. Hakuna aliyetaka kumnunua yule kondoo. Moses alifungua kamba, akamchukua, akamlipa mume wangu bei ya soko mkononi bila kusema neno.

Mama Naserian hakuja asubuhi iliyofuata, wala nyingine. Mpangaji mmoja Mmaasai wa kule juu ndiye aliyenieleza. Alisema kondoo wa mafuta hupelekewa mtu uliyemwumiza, na akiyanywa mafuta yake, mioyo inakaa chini. Si zawadi. Akasema, "Sasa ni kama mlimtemea mbele ya soko." Mume wangu alisema hatuwezi kuendelea kukaa hapo, na mwisho wa mwezi tukahamia ploti nyingine upande wa Noonkopir, nyumba ya chini, sakafu ya saruji iliyolala ardhini. Kila nilipopita karibu na ile ngazi nikielekea barabarani niliona zile nguzo za mbao bado zimesimama.

Upasuaji wa tatu ulikuwa mvua za masika ziliporudi. Walitoa chuma, wakakata sehemu ya mfupa iliyokuwa imekufa. Muuguzi wangu mkali alinifunga kwa miezi mingine mingi, mpaka Jumanne moja alipofungua bandeji, akaiinua kwenye mwanga, akanionyesha. Ilikuwa kavu. Alisema, "Haya, Mama Ngazi, sasa usinizoee hapa." Nilimshika mkono sikumwachilia, naye akaniacha hivyo ingawa foleni ilikuwa ndefu. Mguu umebaki mfupi kuliko mwenzake. Fundi viatu ananiongezea soli.

Kesi nayo ilikuwa na kungoja kwake. Korti ya Kajiado ina mabenchi kama ya kliniki, na watu wanaovumilia vilevile. Siku moja hakimu hayupo, siku nyingine faili haionekani, siku nyingine wakili wao anaumwa. Mama Naserian alikuwa akikaa upande wa pili na Moses, amejifunga shuka lake, mikono mapajani. Hatukusalimiana. Nilikuwa naona aibu, ingawa mimi ndiye niliyeshtaki.

Siku ya ushahidi wake, mume wangu aliomba ruhusa kazini akakaa karibu nami. Wakili wa Mama Naserian alikuwa ameshaieleza korti kwamba mvua kama ile haikuwahi kuonekana, kwamba mwenye nyumba haishi pale, na kwamba hakuna mpangaji aliyewahi kulalamika. Nilisikia mume wangu akivuta pumzi. Kisha Mama Naserian akasimama, na karani mmoja akawekwa kutafsiri. Wakili wake akamuuliza kama mimi niliwahi kumweleza ngazi ina ufa.

Alimtazama kwanza kijana wake. Moses aliinamisha kichwa. Kisha mama alisema maneno mengi kwa Kimaasai, na mkalimani akamwangalia hakimu kama mtu asiyejua kama aendelee.

"Anasema ameambiwa aseme hakuambiwa," mkalimani akasema. "Anasema aliambiwa. Mara mbili. Anasema ya pili alikuwa anapima maziwa, na huyu mama akamwambia hiyo ngazi itaua mtu."

Wakili wake aliketi. Wakili wetu akainuka, akamuuliza kwa nini basi hakuitengeneza. Akajibu kwamba ile mvua ilikuwa inamuulia kondoo na mbuzi kila siku, wanaharibu mimba na kufa, na yeye alikuwa huko akizika. Alisema alifikiri ngazi ingengoja. Hakimu akamuuliza kama ana lingine.

Hilo la mwisho alilisema kwa Kiswahili chake mwenyewe, akinitazama mimi. "Nililetea yeye kondoo. Huwezi peleka kondoo kwa mtu hujakosea. Nilifikiri wamejua."

Hukumu ilitoka baadaye na ilikuwa upande wangu, na ngazi ile ilivunjwa ikajengwa nyingine ya chuma, yenye mahali pa kushika. Lakini kwangu kesi iliisha hapo. Nilitoka nje nikaegemea ukuta kwa sababu mguu ulikuwa umekufa ganzi. Mama Naserian alitoka nyuma yangu. Moses alimwita, hakugeuka. Alisimama mbele yangu akasema takwenya, nikajibu iko. Akaniambia anataka kuona mguu.

Tangu nianguke, wengi walikuwa wameangalia pembeni. Yeye alichuchumaa pale kwenye veranda ya korti, wanaume wakipita na mafaili, akainua sketi yangu mpaka gotini, akateremsha soksi. Alipitisha kidole kwenye kovu lote, juu mpaka chini, pole pole, na palipobonyea alikaa zaidi. Kisha akautemea mate mepesi, kama Wamaasai wanavyombariki mtoto, akapaka kwa kiganja chake. Nililia bila kujificha. Alinirudishia soksi vizuri kama ninavyomvalisha Sheila.

Mume wangu alikuwa amesogea. Alianza kusema kwamba ile habari ya kondoo, yeye hakujua, kwamba kwao hawana mila hiyo. Mama Naserian aliinuka, akishikilia magoti yake.

"Wewe wacha," akamwambia. "Ilikuwa yake."

Akaenda kwa Moses, wakatoka nje ya geti pamoja. Sisi tulibaki pale. Mume wangu alikuwa ameshika ule mfuko wa karatasi za hospitali tuliokuwa tukiubeba kila mahali, akiugeuza mikononi.

"Mama Sheila," akasema, "mimi sikuwa nakuamini."

Nikamwambia najua. Nikamwambia pia kwamba mguu umechoka, atafute mahali tukae.